Sahani Yenye Mstari

3 Februari 1992

Mdogo wangu Brashi,

Salamu zikufikie huko uliko, na zikukute umesimama chini, si juu ya ngazi ya kuandikia mabango. Sisi hatujambo. Shemeji yako anakohoa na anakataa kuwa anakohoa. Tangu astaafu kazi ya reli ameigeuza nyumba kuwa stesheni, anakagua hadi vifuniko vya masufuria. Mpwa wako amejifungua salama mtoto wa kike, ana paji la uso la mama yetu vilevile. Nilipombeba nilifurahi, halafu hofu ikaniingia, nikamrudisha kwa mama yake haraka.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Hapa kiwandani, ndani ya mwezi mmoja, wameanguka watu watatu. Watu wazima wenye nguvu zao. Mmoja alikuwa kwenye foleni ya chakula mbele yangu, sahani mkononi. Akaniambia, "Mama, ongeza wali," akaenda chini. Upande wake mmoja haujarudi mpaka leo. Nesi wa kliniki yetu akaja jikoni, akafunga mlango, akasema, "Nimewapima wenzao. Wengi wana presha." Halafu akautaja na ule ugonjwa wa mama, kwa jina lake, kavukavu. Mimi nikajifanya natafuta mwiko.

Anasema hawa watu hawali mboga wala matunda. Ni wali, nyama, mkate na chai yenye sukari hadi kijiko kinasimama. "Mimi naweza kuwahubiria," akaniambia, "lakini wewe ndiye unayeshika upawa." Kwa hiyo nimepewa kazi. Nataka kila sahani iwe na mstari katikati: upande mmoja mboga, upande wa pili hayo mengine yote, na tunda mkononi mtu akitoka. Sahani zetu ni za alumini, ziko mia mbili na arobaini. Nitumie rangi gani isiyotoka? Na nakuomba uniandikie bango la kuweka mlangoni pa kliniki: NUSU SAHANI MBOGA, TUNDA KILA SIKU. Hakuna mkono ninaouamini kama wako.

Nifanyie haraka. Nikimwona mtu anasukuma mboga pembeni, namwona mama amekaa kitandani anafunga kidole cha mguu kwa kitambaa, anatuambia ni kiatu kimembana.

Ni mimi dada yako

*

27 Februari 1992

Dada yangu, mkuu wa masufuria yote,

Nimepokea barua yako na nimefurahi kuwa babu. Mwambie mpwa wangu nitakuja kumtazama mtoto mara tu watu wa huku watakapoacha kufungua maduka. Kila mtu anataka bango. Juzi nimeandikia kinyozi mmoja, akalalamika kuwa kichwa nilichochora kina nywele chache kuliko chake.

Nisikilize vizuri kwa hili: usithubutu kupaka rangi ndani ya sahani. Rangi zangu hizi nimezivuta puani miaka ishirini na mbili, nazijua. Zitabanduka, na watu watazila pamoja na karoti zako. Chukua msumari na rula, ukwaruze. Mstari wa msumari hautoki hata ukisugua kwa mchanga.

Bango nitakutumia ndani ya wiki mbili, na papai juu yake ambalo watu watataka kulimenya.

Kuhusu hiyo nusu sahani, nimeshaanza kutii. Ila nimenunua sahani mpya, kubwa kama sinia, ili nusu inayobaki isinionee. Usicheke. Mimi ni mzima kabisa. Jioni tu miguu inakufa ganzi, ni hizi ngazi, na jua la huku linanipa kiu ambayo maji hayaitoshi. Nashukuru Mungu kwa soda, muuza duka hapa chini anaifungua akiniona tu nashuka.

Umenikumbusha kitambaa cha mama. Tuyaache hayo.

Mdogo wako, Brashi

*

30 Machi 1992

Mdogo wangu,

Hatujambo, mtoto ameanza kucheka, shemeji yako ameanza kumkagua. Bango langu liko wapi? Wiki zako mbili zina siku ngapi?

Nilikaa na msumari siku sita. Mistari mia mbili na arobaini, nikahesabu mmoja mmoja. Siku ya kwanza kuzitoa, ungeona vita. Yuko mpakiaji mizigo mmoja tunayemwita Winchi kwa jinsi anavyonyanyua marobota. Akaitazama sahani, akasema, "Mama, majani ni ya mbuzi. Mimi mbuzi?" Foleni nzima ikacheka. Wameshanipa jina, naitwa Mama Nusu. Siku ya pili Winchi akaukubali mstari, ila upande wake wa wali akaujaza ukapanda juu kama kichuguu. "Umechora upana," akaniambia, "urefu hukuchora."

Nilirudi jikoni nikawaza. Kumbe kosa lilikuwa letu sisi wapishi. Mboga tulikuwa tunazichemsha mpaka zinasahau rangi yake, nani atazitaka? Sasa nazipitisha kwenye mafuta kidogo na vitunguu, nazitoa zikiwa bado zinalia mdomoni. Na mboga ndiyo ya kwanza kuingia kwenye sahani, kabla ya wali. Mtu akiona sahani imeshajaa nusu, ubishi unapungua. Machungwa nayakata vipande mlangoni, kwa sababu mtu mzima ana aibu ya kumenya chungwa njiani, lakini kipande akipewa hakatai. Wiki iliyopita Winchi alirudi mwenyewe, akanong'ona kama anayeiba, "Zile karoti, zimebaki?"

Mimi mwenyewe naonekana mfano mzuri. Gauni langu la bluu nimelipunguza kiunoni mara mbili. Wenzangu wanasema mboga zimenifanya msichana. Macho tu yanachoka nikiandika, ndiyo maana mwandiko ni huu.

Hiyo ganzi yako na hiyo kiu sikuzipenda. Naomba usizichezee.

Dada yako

*

2 Mei 1992

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa. Bango nimelikabidhi leo kwa basi la asubuhi, nimelifunga kwa blanketi. Nimelirudia mara tatu. Mbao za siku hizi zimepinda.

Ngoja nikuchekeshe. Jirani yangu wa kibanda ni fundi viatu, mzee wa maneno machache. Juzi nimempelekea kiatu cha kushoto, soli imelegea. Akaingiza mkono, akautoa upesi, akanitazama. Ndani kulikuwa na msumari, umesimama. Akaniuliza, "Hiki kiatu umekivaa lini?" Nikamwambia leo, na jana, na juzi. Dada, nimetembea juu ya msumari siku tatu na sikusikia kitu! Nikamwambia mzee, mimi si mtu tena, mimi ni tairi. Hakucheka. Alinivua soksi, akaniosha mguu kwa maji, akakataa kunirudishia kile kiatu. Mpaka leo anacho.

Kidonda ni kidogo tu, nimekifunga.

Hongera kwa Winchi. Lakini katika mambo yote uliyoniandikia, mistari mia mbili na arobaini, siku sita, machungwa mlangoni, kuna jambo moja sijaliona. Sahani yako wewe iko wapi?

Brashi

*

16 Mei 1992

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwa wote. Sina habari za nyumbani leo.

Bango limefika. Nililifungua jikoni nikiwa na nesi, nikawa nimeshajisifu kwake kwamba ndugu yangu anaandika bila rula, na ukiweka rula juu ya kazi yake utaona rula ndiyo imekosea. Tukatoa blanketi. Herufi zinaanza kubwa upande wa kushoto na kuteremka, mpaka neno SIKU limekaa pembezoni kabisa likitaka kuanguka. Rangi ya papai imetoka nje ya papai. Nesi alisema, "Zuri," kwa heshima.

Usiniambie mbao zimepinda. Nimeulaza ubao huo juu ya sakafu, umetulia kimya. Macho yako ndiyo hayaoni, Brashi. Na mguu wako hausikii. Umeniandikia habari ya msumari kama kichekesho, na mimi niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mama naye alikuwa anacheka. Unakumbuka alivyokanyaga kaa la moto jikoni, sisi ndio tuliosikia harufu, yeye akasema nyayo zake zimekomaa? Tulicheka wote. Kutoka kicheko kile mpaka ule mguu ukatwe ilipita miezi mitano, na kutoka hapo mpaka tumzike hatukufikisha mwaka.

Nenda hospitali. Nakupigia magoti. Nenda kesho. Usipande ngazi na mguu usiosikia ngazi.

Bango nimelitundika mlangoni pa kliniki hivyohivyo lilivyo. Watu wanauliza nani amelewa akaandika. Nawaambia ni mdogo wangu, na hanywi.

Dada yako

*

20 Juni 1992

Dada,

Nilikaa na barua yako mwezi mzima kwa sababu nilikuwa na hasira. Miaka ishirini na mbili ya kazi, unaniambia sioni. Nilitoka nikapanda ngazi siku hiyohiyo kukukomoa. Kipandio cha nne sikukiona. Sikuumia, nilidondokea kwenye mchanga wa mafundi ujenzi. Nililala pale nikitazama bango la duka la dawa nililoliandika mwenyewe mwezi wa tatu, na nikaona linateremka.

Basi, umeshinda. Naogopa, dada. Soksi ya kushoto inaganda na inanuka harufu ninayoijua. Nimeijua tangu wiki ya kwanza, ndiyo maana nilikuwa nachekesha.

Lakini na wewe nisikilize. Nilikuuliza sahani yako iko wapi, ukanijibu kuhusu macho yangu. Mimi nakujua. Mpishi hakai mezani. Unaonja mchuzi huku, unabandua ukoko kule, unameza chai tamu umesimama, jioni unasema hujala kitu. Umewachorea watu wote mstari, wewe mwenyewe unakula kwenye upawa. Halafu unaniandikia kwa furaha kuwa gauni umelipunguza mara mbili. Mama alilipunguza lile la maua mara ngapi? Wewe ndiye uliyekuwa unamshikia pini. Mboga hazimkondeshi mtu hivyo, tena mtu asiyezila. Na macho yanayochoka ukiandika, ni yangu peke yangu?

Nilikuwa nalisoma jibu lako kwa barua yangu ya msumari, nikawaza: huyu anaona ugonjwa wangu kwa umbali wa siku mbili za basi, wake amelala nao.

Sitaki kwenda peke yangu. Tupatane hivi. Jumatano tarehe 15 Julai, saa tatu asubuhi. Mimi nitakuwa hospitali ya huku, wewe kliniki ya kiwanda. Tutoe vidole kwa pamoja, tupimwe damu. Barua hii itakufikia kabla ya hapo. Usinijibu, nenda tu.

Brashi

*

22 Julai 1992

Dada yangu,

Nakuandikia nikiwa wodini, mto mgongoni. Usiogope mpaka umalize kusoma.

Nilikwenda. Fundi viatu alifunga kibanda chake akanisindikiza, na kile kiatu akakibeba kwenye mfuko ili daktari akione. Saa tatu kamili nilikuwa kwenye benchi, nikaiangalia saa ya ukutani nikasema, sasa hivi na dada anatoa kidole. Dada, hilo ndilo lililonishika pale. Vinginevyo ningekimbia, mguu au hakuna mguu.

Daktari ni binti mdogo, hana maneno mengi. Alilitaja lile jina. Nami nimeamua kuliandika, kwa kuwa kazi yangu ni kuandika: KISUKARI. Sisi wawili hatujawahi kuliandika, wala kulisema, tangu mama alipotufukuza chumbani tusisikie. Nimeliandika polepole. Tazama, limesimama wima.

Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kimekwenda. Sikusikia hata walipokuwa wanakikata, na hilo ndilo lililoniliza. Ningengoja mwezi mwingine, daktari amesema, tungekuwa tunazungumzia mguu. Macho hayatarudi yote, lakini haya niliyobakiwa nayo yanaweza kutunzwa. Ngazi basi. Soda basi. Matunda nile yenyewe, nisiyakamue, na si papai zima kwa pigo moja kama nilivyopanga. Dawa nitameza maisha yangu yote. Fundi viatu ameniletea ile sahani yangu kubwa. Amekwaruza mstari kwa kisu chake cha ngozi, halafu akaondoka nayo kumpa jirani yetu mwenye familia, akaniachia sahani ya kawaida yenye mstari pia. Hakuniuliza.

Niambie yako. Ulikuwa wapi saa tatu, kwenye kiti au kwenye benchi? Nesi alisemaje? Kila siku namuuliza mhudumu kama kuna barua.

Mdogo wako, Brashi

*

4 Agosti 1992

Mdogo wangu,

Mtoto hajambo, shemeji yako hajambo. Pole sana, mdogo wangu. Nimekililia hicho kidole kuliko nilivyoweza kumlilia mama, kwa sababu wakati ule nilikuwa na kazi ya kukunyamazisha wewe.

Sikwenda.

Nataka uijue kweli yote. Jumatano ile nilivaa gauni la bluu, nikafika mlangoni pa kliniki saa tatu kasoro dakika tano. Nilisimama chini ya bango lako. Benchi lilikuwa limejaa watu wangu, watu wa foleni yangu, Winchi akiwa wa kwanza, amekuja kupima presha. Wote wakainuka, "Karibu, Mama Nusu! Umetuletea nini?" Nikaona wanavyonitazama. Nikafikiri, hawa wakijua kwamba mwenye kuwahubiria ndiye mgonjwa, kesho wali utapanda tena kama kichuguu. Hilo ndilo nililojiambia. Lakini nilikuwa najidanganya. Niliogopa tu. Niliogopa nesi asije akalitaja lile neno na mimi nimekaa kwenye kiti. Nikasema nimekuja kuhesabu watu wa kukatiwa machungwa. Nikarudi jikoni, nikamimina chai, nikatia sukari vijiko vinne, nikainywa nimesimama, wakati wewe ulikuwa benchini unaitazama saa ukidhani niko nawe.

Barua yako imefika jana. Nimeisoma pale uliposema hilo ndilo lililokushika, na aibu imenitoa nje ya nyumba.

Leo asubuhi nimekwenda. Nesi alinikalisha kwenye kiti. Nilimwambia, "Mwanangu, usinitajie. Niandikie." Akanichoma kidole, akakitazama kile kipimo, akakirudia, akaandika kwenye karatasi, akaigeuza mbele yangu. Ni neno lako lile. Ninalo. Amesema ninalo siku nyingi. Macho na figo wataangalia Jumatatu, na hiyo Jumatatu naiogopa tangu sasa.

Mchana nilitoka na upawa mkononi, foleni imejaa, nikawaambia. Nilisema kwa mdomo wangu, "Mimi Mama Nusu nina kisukari, na nimewachorea sahani mia mbili na arobaini, yangu haimo." Nilisikia mafuta yanavyochemka. Nilingoja wacheke. Winchi ndiye aliyetoka kwenye foleni, akaingia jikoni bila ruhusa, akarudi na kifuniko kikubwa cha sufuria. Akakigeuza juu chini, akaniwekea mbele na msumari juu yake. "Hiki cha leo," akasema. "Kesho utapata sahani."

Nikakaa chini nikachora. Mstari umeteremka upande wa kulia kama bango lako, watu wakitazama. Winchi akashika upawa akanipakulia, mboga kwanza, akasawazisha wali kwa mgongo wa kijiko usipande hata kidogo.

Nimekaa mezani, Brashi. Miaka kumi na tisa kwenye jikoni hili, sikuwahi kukaa. Naogopa sana. Nimekula naogopa, na nimemaliza.

Dada yako